Mpaka Barafu Iyeyuke

Jina lake kamili, kama alivyopenda litamkwe, ni Barafu mwana wa Fundi Cherehani, mjukuu wa Mchimba Visima. Babu yetu alichimba visima ambavyo watu wanachota maji hadi leo bila kujua ni mgongo wa nani uliotangulia humo. Baba yetu alishona kaptula za wanafunzi, na mtu asiniambie kuna hata moja iliyowahi kufumuka makalioni. Na huyu mdogo wangu, Barafu, alidaka penalti mbili katika mechi moja akiwa na kidole kilichovunjika, akafanya kazi kiwanda cha barafu mpaka kiwanda kikafungwa milango, kisha akatibu miguu ya wachezaji wa klabu yetu kwa muda mrefu kuliko umri wa kocha wa sasa. Mimi ni dada yake wa kwanza. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kuandika jina langu, kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikuyaokota njiani.

Kiwandani walimfundisha jambo moja lililomwingia kama imani: barafu haimwagwi. Pande likishatoka kwenye kalibu ni jasho la watu wengi, na msimamizi wao alipomwona kijana anatupa hata kipande cha ngumi moja, alimfanya akiokote akakishike mkononi mpaka kiishe. Barafu aliyashika hayo mikononi, tena si mara moja.

Timu wakati ule ilikuwa ya kiwanda. Alasiri moja mshambuliaji aliteguka kifundo cha mguu, kikavimba kama papai, naye akawa anapiga mayowe. Barafu, ambaye ndiye aliyekuwa golikipa, alikimbia kiwandani akarudi na pande ndani ya gunia. Akalivunja kwa nyundo ya mti, akalimimina kwenye beseni, akamtumbukiza mtu mguu. Mayowe yakakoma. Uwanja mzima ulishuhudia, na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye cheti chake tu.

Baadaye alikuja kocha kutoka ng'ambo, akasema hiyo ndiyo kanuni ya dunia nzima: mtu akiumia apumzike, atiwe barafu, afungwe bendeji, ainuliwe mguu. Barafu alitembea wiki nzima kifua mbele. Kocha hakusema mguu ukae ndani kwa muda gani, na hakuna aliyemuuliza. Jibu likatoka kiwandani. Mguu ungekaa mpaka barafu iyeyuke, kwa sababu barafu haimwagwi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa desturi ya klabu yetu. Aliyeumia haruhusiwi kuondoka mpaka pande lote liwe maji.

Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa, pale dari inaposhuka kufuata ngazi, hivyo mtu mrefu huingia wima na kutoka ameinama. Kulikuwa na benchi la saruji, mabeseni mawili, friji kuukuu linalonguruma kama linadai kitu, na jiko dogo la chai. Na kwa kuwa pande la barafu halina haraka, watu walikaa. Mchezaji aliyeteguka mguu hana pa kukimbilia, hana budi kuzungumza. Walimweleza Barafu mambo ambayo hawakuwaeleza mama zao. Mmoja alifundishwa pale jinsi ya kumwomba msamaha baba mkwe. Mwingine alijifunza kusoma gazeti kwa sauti, mguu ukiwa ndani ya baridi. Wengine waliumia uongo. Barafu alijua, akawatia barafu ileile, nao wakavumilia ili wapate kukaa.

Sasa niliseme hili ili mtu asinielewe vibaya huko mbele. Wifi yangu, mke wa Barafu, alitangulia mbele ya haki. Watoto wao wako mbali na kazi zao, ni watoto wazuri, wanakuja wanapoweza, na wanapoweza ni mara chache. Nilipokuwa nikienda kumtazama Jumapili, nilikuta nyumba safi kama ya mtu anayengoja mgeni. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja. Redio ilisema na yeye akaijibu. Nyumba ile alikuwa analala tu. Maisha yake yalikuwa chini ya jukwaa, na mtu ambaye angekigusa chumba kile angekuwa amemgusa yeye.

Ndipo klabu ikaajiri mtaalamu wa tiba ya viungo, msichana aliyesomea kazi hiyo chuoni. Wachezaji wakambandika jina la Binti Viungo. Aliwaambia yeye si muuza bizari, wakacheka, na jina likabaki.

Siku aliyoingia chumbani alimkuta Barafu amemtumbukiza beki mguu hadi ugokoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kreti hilo. Lina msumari, lakini hauchomi wenye adabu."

Akaketi. Akatazama beseni, kisha akatazama midomo ya yule beki, iliyokuwa imepoteza rangi yake.

"Ameingia humo tangu lini?"

"Tangu ilipokuwa pande. Ikiwa maji, anatoka."

"Kwa nini mpaka iwe maji?"

"Barafu haimwagwi."

"Hiyo ni sheria ya mguu au ya barafu, babu?"

Beki akacheka huku meno yakigongana. "Ni sheria ya Babu, sista! Mguu wenyewe mimi siusikii tena. Niangalieni kama bado upo."

"Nyamaza wewe," Barafu akamwambia. "Uliingia hapa unalia kama mtoto anayenyolewa. Sasa unalia?"

"Nikitaka kulia machozi yanaganda."

Binti Viungo naye alicheka, kisha akasema yake kwa upole. Barafu itumike kwa dakika kumi, kitambaa kikiwa katikati, maana ngozi huungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto. Itumike siku ya kwanza au mbili tu, kwa ajili ya maumivu. Baada ya hapo mguu uanze kutumika kidogo kidogo, mapema.

"Na uvimbe je?"

"Uvimbe ni mwili unafanya kazi yake, babu. Ukizidi tunaufunga na kuuinua mguu. Si mwizi wa kupigiwa kelele."

"Miguu niliyoiponyesha mimi hapa, ukiipanga mstari itafika barabarani."

"Sibishi kwamba ilipona. Nauliza moja tu. Katika hiyo yote, yupo uliyewahi kumwacha bila barafu, tukaona naye alipona lini?"

Barafu akasukuma vipande vimzunguke beki mguu. "Nimwache kwa nini? Kwani mimi mchawi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na siku ile ushindi ukawa wake. Lakini alikiri kwangu Jumapili kwamba lile swali lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lilikuwa haliumi sana, ila kila akimeza analikuta.

Haikupita muda, winga wetu, kijana waliyemwita Kiberenge kwa mbio zake, alikanyagwa mazoezini akateguka kifundo. Alikuwa ndiye tegemeo, na mechi ya nusu fainali ilikuwa inakaribia. Kocha akaamua atibiwe na Binti Viungo. Kwa heshima ya mwenye chumba walimleta chini ya jukwaa. Barafu alimwandalia pande zima. Binti Viungo alichukua vipande vichache, akavizungushia kitambaa, akaviweka mguuni, akatazama saa yake. Kabla chai haijachemka alisema, "Inatosha." Kiberenge akafungwa bendeji, akasimama kwa kuegemea bega la mwenzake.

"Asante, Babu. Tutaonana."

"Na chai?"

"Siku nyingine, Babu."

Siku iliyofuata vilevile. Siku zilizofuata hakuja kabisa, alikuwa kwenye nyasi anasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Na wengine, kuona hivyo, wakaanza kwenda kwa saa ya Binti Viungo.

Alasiri moja nilimpelekea mdogo wangu viazi vya kuchemsha, maana nilisikia hali vizuri. Nilimkuta ameketi kwenye kreti, mbele yake beseni lililojaa barafu. Hakukuwa na mguu ndani. Benchi lilikuwa tupu.

"Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu, dada."

"Na hilo beseni?"

"Haijayeyuka."

"Si umwage ukapumzike nyumbani?"

Akanitazama kama niliyemtukania marehemu mama. Kisha macho yakashuka. "Nikienda nyumbani nitafanya nini?"

Nilivuta khanga nikaketi kwenye benchi, lile la saruji ambalo baridi yake hupanda hadi kiunoni, tukaingoja pamoja. Nje tulisikia vijana wakimcheka Kiberenge anayumba kwenye zoezi lake. Ndani, vipande vilikuwa vinalia tik, tik, vikipasuka. Sijawahi kusikia chumba kimya namna ile, na mimi nimelinda maiti.

Ndipo akanieleza habari za Kitasa, beki wa kushoto wa zamani. Mwaka ambao mtambo wa kiwanda uliharibika, Kitasa aliteguka vibaya na hapakuwa na barafu hata ya kulamba. Barafu alimfunga kitambaa akamrudisha kwao kwa aibu. Kitasa, ambaye kwao walikuwa na ng'ombe na hakuna wa kuwachunga, alianza kuchechemea nyuma yao siku hizohizo. Akarudi uwanjani muda uleule ambao wengine hurudi.

"Nakumbuka," nikamwambia. "Ulituambia ana damu nzito."

"Ndiyo. Aliyepona na barafu, nilisema ni barafu. Aliyepona bila barafu, nikasema ni damu. Dada, hiyo ni hesabu gani?"

"Ya mtu anayejua kujumlisha tu, kutoa hajui."

Alicheka kidogo. Vipande vilipokwisha kuyeyuka, alichukua maji yale akayamwaga nje kwenye mtaro, akaosha beseni, akalifunika.

Kesho yake alimfuata Binti Viungo akamwambia, "Nisomee hayo maandishi yenu. Usinipunguzie." Msichana akamsomea, akimfasiria. Alimwambia wapo watafiti waliowagawa watu walioteguka vifundo, hawa wakatiwa barafu, hawa hawakutiwa, wakalinganisha. Kwamba baridi hutuliza maumivu kwa muda, hilo linaonekana. Kwamba mguu hupona mapema zaidi, hilo halijathibitika. Mazoezi ya mapema yana ushahidi bora zaidi. Wapo waliojaribu kwa panya, wakaona baridi nyingi inaweza hata kuchelewesha msuli kujijenga.

"Panya hawachezi mpira," Barafu akasema.

"Ndiyo maana hatuwezi kuapa kwa panya."

"Basi uape kwa hao watu."

"Hata hao siapi, babu. Waliopimwa ni wachache, na vipimo vingine vilifanywa ovyo. Daktari mmoja aliyeieneza ile kanuni ya barafu tangu mwanzo, mwenyewe alikuja kusema huenda inachelewesha. Lakini tukisema tumejua kila kitu, tutakuwa tunaongopa."

"Kwa hiyo hata nyinyi mliosoma hamjui?"

"Tunajua kwamba hatujui vizuri."

Barafu aliniambia neno hilo lilimtuliza badala ya kumkasirisha. Mtu anayekuja kukupokonya fimbo, alisema, kwa kawaida huja na kelele zaidi.

Lakini klabu haiwezi kuwa na waganga wawili. Kamati ikaitisha mkutano wa wanachama. Mwenyekiti, mwenye duka la saruji na misumari, alikuwa mmoja wa waliofundishwa maisha kwenye lile benchi, na alimpenda Barafu. Alimfuata nyumbani mapema, nami nilikuwepo.

"Mzee, mimi sitaki maneno mengi. Simama mkutanoni useme barafu yako inaponyesha. Neno moja tu. Wazee wote wako nyuma yako, chumba kitabaki chako na huyo binti atakufuata wewe. Ukinyamaza, vijana watapiga kelele, na chumba watampa yeye aweke vyuma vyake vya mazoezi."

Alipoondoka, mimi nilimwambia mdogo wangu aseme. Nani angemdai ushahidi, umri ule? Sikuona haya kumwambia, na hata leo sioni. Mimi ndiye niliyekuwa nakiona kile kikombe kimoja kila Jumapili.

"Dada, wewe ndiye uliyeniuliza hesabu."

"Wewe ndiye uliyeniuliza! Na hesabu hailali na mtu nyumba moja ikamwuliza ameamkaje."

Akainuka akakisuuza kile kikombe.

Mkutano ulijaa. Wazee walipiga makofi alipoinuka, wengine wakaanza kumwita kwa jina. Aliwangoja wanyamaze, kama alivyokuwa akiwangoja wapiga penalti.

"Barafu inatuliza maumivu," akasema. "Hilo nimeliona kwa macho yangu, na maandishi yanalikubali. Kwamba inaponyesha, nimekuwa nikilisema miaka yote kama mtu anayejua. Sijui. Kwamba mguu ukae mpaka iyeyuke, hiyo ilikuwa sheria ya kiwanda, na kiwanda kimekufa. Msiwatie wajukuu zangu baridi ya kiwanda kilichokufa. Mpeni binti chumba."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alitazama dari. Nilikuwa nyuma kwenye viti vya akina mama, na nilitaka nikamkumbatie na nikamtie kofi, vyote viwili.

Chumba kikapakwa rangi nyeupe. Friji kuukuu likatolewa, likaingia dogo lisilonguruma. Wachezaji walimwambia Babu aje tu wakati wowote, pale ni kwake. Alikwenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Waliingia, "Babu, mambo?" wakatiwa barafu dakika zao kumi, wakatoka kufanya mazoezi. Hawakuwa na ubaya wowote. Mguu unaotembea hauna subira ya kusikiliza mtu, ndivyo ulivyoumbwa. Baada ya muda aliacha kwenda.

Kiberenge alicheza nusu fainali, akakimbia vizuri, na watu wakaanza kutangaza mtaani kwamba dawa ya Binti Viungo ni kiboko. Wakaja hadi dukani kwa kinyozi alikokuwa Barafu ananyolewa kumweleza hivyo. Aliwakatiza povu likiwa bado shavuni.

"Kiberenge ni mmoja. Mmoja si ushahidi. Mlinidanganya mimi hivyohivyo, mkaanza na mmoja."

Jumapili moja nilikuwa kwake, nafua shuka, Binti Viungo akabisha hodi. Alikuja kumletea zawadi ya viatu vya kutembelea na kumjulia hali. Barafu alimtengea kiti, akasimama yeye, maana viti vilikuwa viwili na kimoja nilikuwa nimekiwekea beseni la nguo. Nikaondoa beseni. Waliketi kama watu wanaojua wamekosana na hawajui kwa lipi.

"Babu, umenitupa. Chumba kimepoa bila wewe."

"Chumba cha barafu kinapoa, unashangaa nini?" Kisha akawa hatanii tena. "Nina kazi nataka kukupa. Mimi siiwezi."

"Kazi gani?"

"Ile uliyoniuliza siku ya kwanza. Kumwacha mtu bila. Klabu zimejaa mji huu, na kila Jumamosi kuna anayeteguka. Wafuate makocha, waombe wachezaji ridhaa yao kwanza, usimwibie mtu mguu wake. Kisha kura ichague, si wewe. Atakayeangukia barafu atiwe, atakayeikosa aikose. Mazoezi uwape wote sawasawa. Na siku ya kurudi uwanjani apime mtu asiyejua nani alitiwa na nani hakutiwa, maana sisi wenye barafu macho yetu yanaona barafu tu."

"Babu, hiyo ni kazi ya miaka."

"Mimi ningeifanya zamani, lakini nikimwona mtu ameshika mguu, mkono unakwenda wenyewe kwenye beseni. Hata sasa ungekwenda. Wewe una moyo wa kumtazama anaumia ukajizuia."

"Atakayekosa barafu nitampa dawa nyingine ya maumivu. Sitamwacha aumie."

"Vizuri. Nawe si mchawi, basi." Akavijaribu vile viatu, akavivua, akaviweka kando kwa uangalifu. "Na ukishapata jibu, usimtume Kiberenge. Huyo atanipa salamu mlangoni akimbie. Uje wewe mwenyewe, ukae kwenye kiti hicho, unieleze yote tangu mwanzo. Hata kama ni marefu. Hasa kama ni marefu."